UZI MAALUMU: Kichocheo cha nikeli kwenye biogesi kinakufa mapema. Tukague gesi kwanza, kichocheo baadaye

Mzee_wa_Tanuri (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Mada ya kugeuza biogesi kuwa gesi ya usanisi, yaani mchanganyiko wa CO na H2, ikiletwa humu swali huwa lilelile: nichanganye nini na nikeli ili isife? Lanthanamu, seria, magnesia, potasiamu, orodha haiishi. Msimamo wangu ni kwamba vichocheo vingi vinavyotupwa havikuwa na kosa lolote. Viliuliwa na salfa, au na mchanganyiko usio na oksijeni ya kutosha, au vilipitishwa polepole kwenye joto baya. Na vingi vinavyosifiwa havijawahi kupimwa sawasawa.

Menyuko za kukaa nazo kichwani ni hizi (kJ kwa moli):

CH4 + CO2 → 2CO + 2H2, inakula 247
CH4 + H2O → CO + 3H2, inakula 206
CO2 + H2 → CO + H2O, inakula 41
CH4 → C + 2H2, inakula 75
2CO → C + CO2, inatoa 172

Mbili za mwisho ndizo zinazotuletea masizi. Ya methani kupasuka inapenda joto. Ya CO inapenda ubaridi, na chini ya takriban 700 °C inashamiri. Kati ya 550 na 700 zote mbili zina nafasi, na hapo mmenyuko tunaoutaka bado ni dhaifu, maana chini ya kama 640 °C hauna msukumo wa kwenda mbele. Kwa hiyo kufanya kazi 600 °C "ili kubana umeme" ni kuagiza kaboni kwa makusudi. Kazi inafanyika 800 hadi 900.

Sasa mchanganyiko. Hesabu atomi za oksijeni kwa kila atomi ya kaboni inayoingia:

O/C = (2 × CO2 + H2O) ÷ (CH4 + CO2)

Biogesi ya 60% CH4 na 40% CO2 inakupa 80 ÷ 100 = 0.8. Ili kaboni yote itoke kama CO unahitaji angalau 1. Ukiingiza biogesi kavu ya 60/40, sehemu ya methani haina mwenzake, na kaboni yake haina pa kwenda isipokuwa kulala juu ya kichocheo. Hapo hata upake dhahabu. Ongeza mvuke: sehemu 20 za H2O kwa 100 za biogesi zinakufikisha 1.0 kwenye karatasi, sehemu 60 zinakufikisha 1.4, na hapo ndipo mtu anaweza kulala usingizi. Ziada hiyo ya mvuke pia inapandisha H2 kwa CO, ambayo kwa njia kavu (methani na CO2 bila mvuke) haifiki hata 1 kwa sababu ile menyuko ya tatu inakula haidrojeni.

Njia kavu si mpya. Fischer na Tropsch waliichunguza Ujerumani mwaka 1928. Mpaka leo haijaenea viwandani kama ile ya mvuke, na sababu kubwa ni kaboni.

Karibuni tujadili. Wenye vipimo waje na vipimo.

---

Binti_Maabara

Mkuu shukrani, umefungua vizuri. Ila wengine tunahitaji kuanzia jikoni. Tafadhali mwenye utaratibu kamili wa kutengeneza gramu chache za nikeli juu ya alumina auweke, na vipimo vyake. Maandiko mengi yanasema "ililoweshwa kwa kiasi cha vinyweleo" halafu yanapita kama vile sote tunajua.

---

Fundi_Nikeli

Dada, huu hapa. Gramu 10 za kichocheo chenye 10% Ni na 3% La juu ya alumina (oksidi ya alumini) ya gama.

Kwanza pima alumina inakunywa maji kiasi gani. Ichome 600 °C saa 3 ili iachie unyevu na isibadilike mbele ya safari, iache ipoe kwenye chombo kikavu, kisha chukua gramu 1 na udondoshee maji yaliyochujwa kwa pipeti huku ukikoroga. Unga utaonekana mkavu kwa muda mrefu, halafu ghafla tone moja linaufanya ung'ae na kujishika. Hapo simama. Alumina nyingi za gama zinakunywa 0.4 hadi 0.8 mL kwa gramu. Tuseme yako ni 0.55.

Mahitaji:
- alumina 8.65 g (itakunywa kama 4.75 mL)
- naitreti ya nikeli yenye maji 6: 4.95 g, ambayo ndani yake ina nikeli gramu 1
- naitreti ya lanthanamu yenye maji 6: 0.94 g, ambayo ina La gramu 0.3

Hapa ndipo wengi wanapoteleza: wanapima maji 4.75 mL kisha wanatia chumvi ndani. Chumvi yenyewe ina ujazo, na ina maji yake. Matokeo ni myeyuko wa mL 7 na kitu, alumina inalowa chapachapa, na ikikauka nikeli inahamia juu na kwenye kuta za bakuli. Weka chumvi kwanza kwenye silinda ndogo, tia maji kama 1.5 mL, pasha hadi 50 °C mpaka iyeyuke, kisha jaza hadi 4.7 mL. Myeyuko ni mzito, karibu na kikomo cha kuyeyuka, hivyo ufanye kazi ukiwa bado wa uvuguvugu. Kama unakutia wasiwasi, gawa mara mbili: nusu, kausha, nusu tena.

Dondoshea kidogo kidogo ukikoroga. Funika saa 2. Kausha 110 °C usiku kucha. Choma kwa kupandisha 2 °C kwa dakika hadi 550 °C, kaa saa 4. Fanya ndani ya kabati la kufyonza hewa, maana moshi wa kahawia unaotoka ni oksidi za naitrojeni. Na vumbi la chumvi za nikeli linasababisha saratani, kwa hiyo glavu na barakoa ya vumbi si mapambo.

Usichome 800 °C ukidhani unaimarisha. Nikeli inaingia ndani ya alumina na kuwa spineli, NiAl2O4, rangi ya bluu mpauko. NiO ya kawaida inaachia oksijeni kwa haidrojeni kuanzia 350 hadi 450 °C. Spineli inadai 800. Ukiiamsha (yaani kuiondolea oksijeni kwa haidrojeni) kwa 600 utakuwa na unga wa bluu usiofanya kazi yoyote na utalaumu lanthanamu bure.

Mwisho gandamiza unga kuwa vidonge, vunja, chekecha chembe za 0.25 hadi 0.42 mm. Unga mtupu kwenye bomba unaziba.

---

Sumu_Polepole

Kwa nini lanthanamu na sio magnesia? Kila mtu ana dawa yake.

---

Fundi_Nikeli

La2O3 inashika CO2 na kuwa oksikaboneti, La2O2CO3, ambayo inakutana na kaboni kwenye ukingo wa chembe ya nikeli na kuitoa kama CO. Pia inapunguza uasidi wa alumina. Magnesia inafanya kazi kwa njia nyingine: NiO na MgO zinachanganyika kabisa kuwa yabisi moja, na ukiiamsha kwa 800 hadi 850 inachomoza nikeli kidogo tu, kwa chembe ndogondogo. Chembe ndogo haioteshi kaboni kirahisi. Seria inaazima na kurudisha oksijeni. Zote zinasaidia. Hakuna hata moja inayoweza kuirekebisha O/C ya 0.8.

Rodiamu na rutheniamu, 0.5 hadi 1%, ndizo zinazovumilia kaboni kweli, kwa kuwa kaboni haiyeyuki ndani yake kama inavyoyeyuka ndani ya nikeli. Bei yake mnaijua. Na salfa inazilemaza vilevile.

---

Chujio

Asante kwa kuitaja salfa, maana uzi ulikuwa unaipita. Tupige hesabu ili watu waache kusema "nimeshachuja kwa chuma, inatosha".

Chukua kichocheo 0.1 g chenye 10% Ni. Hiyo ni mg 10 za nikeli, moli 0.00017. Atomi zilizo juu ya uso, ambazo ndizo zinazofanya kazi, ni kama 5% ya hizo: mikromoli 8.5. Salfa inaufunga uso ikifika karibu nusu ya idadi hiyo, mikromoli 4 hivi. Pitisha biogesi mL 100 kwa dakika:

- Biogesi ghafi ya samadi yenye H2S (gesi inayobeba salfa) 2,000 ppm (sehemu kwa milioni) inaleta mikromoli 8 kwa dakika. Uso unajaa ndani ya nusu dakika.
- Gesi "safi" yenye 1 ppm inaleta mikromoli 0.004 kwa dakika. Uso unaweza kujaa ndani ya saa 17.
- Gesi ya 0.1 ppm inakupa zaidi ya saa 170.

Hiyo ni kama kila molekuli inanasa. Kwa joto kubwa baadhi zinaachia, ndiyo maana 900 °C inavumilia salfa kuliko 700. Lakini mnaona mantiki: kichocheo kinachoshuka polepole kwa siku moja na gesi ya 1 ppm hakina ugonjwa wa ajabu.

Ngazi za kusafisha, kwa mpangilio:

1. Oksidi ya chuma yenye unyevu, kwa joto la kawaida, inabeba mzigo mkubwa. Ikishiba usiifungue ghafla: sulfaidi ya chuma ikikutana na hewa inachemka na inaweza kuwaka. Lowesha maji, ingiza hewa kidogo kidogo.
2. Mkaa amilishi uliotiwa iodidi ya potasiamu au magadi makali. Wa iodidi unahitaji oksijeni kidogo na unyevu ili ufanye kazi. Gesi iliyokaushwa kabisa inaufanya upitishe H2S mapema, na watu wanashangaa.
3. Zinki oksaidi kwa 350 hadi 400 °C. Hii ndiyo inayokushusha chini ya 0.1 ppm. Kwa nadharia gramu 100 zinashika salfa gramu 39, panga bajeti kwa nusu yake. Kwa joto la kawaida inashika uso tu, asilimia chache.

Mvuke uingizwe BAADA ya zinki, kamwe si kabla. ZnO + H2S → ZnS + H2O: ukijaza maji upande wa kulia unarudisha H2S kwenye gesi.

Kipimo cha bei rahisi mwishoni mwa mstari ni karatasi ya asetati ya risasi. Ikigeuka kahawia, funga.

Siloksani (misombo yenye silikoni) ni tatizo la gesi ya majitaka na dampo, zinaacha glasi ya silika ambayo haitoki. Kwenye samadi sahau.

---

Kipimo_Kwanza

Ngoja niongeze moja kwa Chujio, kwa sababu wengi huku wanapuliza hewa kidogo ndani ya mtambo wa biogesi ili kuua H2S. Njia nzuri kwa jiko na jenereta. Kwa kichocheo inaleta mambo mawili. Oksijeni iliyobaki inaunguza mbele ya tabaka la kichocheo na kutengeneza sehemu ya moto kali. Na naitrojeni inayoingia haijulikani kiasi, wakati watu wengi wanatumia naitrojeni hiyohiyo kama rula ya kupimia, yaani gesi isiyobadilika ya kulinganishia nyingine. Pima N2 ya biogesi kwanza kwa kuipitisha kando ya bomba, au tumia rula nyingine.

Rula yenyewe ni lazima, kwa kuwa mmenyuko unapanua gesi: molekuli 2 zinakuwa 4. Mfano: unaingiza CH4 40, CO2 40, N2 20 mL kwa dakika. 80% ya methani ikibadilika bila mambo ya pembeni, zinatoka CH4 8, CO2 8, CO 64, H2 64, N2 20. Jumla 164. Mashine itasoma CH4 4.88%. Mwenye haraka atasema imeshuka kutoka 40% hadi 4.88%, kwa hiyo 87.8% imebadilika. Uongo. Ukitumia N2: 20 ÷ 0.122 = 164, mara 4.88%, unapata 8. Yaani 80%. Pointi karibu nane zimetengenezwa na kalamu.

Na kama GC yako (mashine ya kutenganisha na kupima gesi) inatumia heliamu kama gesi ya kubebea, H2 yako si ya kuaminika, maana heliamu na haidrojeni zinapitisha joto karibu sawa. Tumia argoni au naitrojeni kwa ajili ya H2. Argoni nayo inatoka pamoja na oksijeni kwenye kolamu ya chekecheo la molekuli, kwa hiyo usiifanye rula bila kufikiri.

---

Nyuma_ya_Pazia

Wakuu mnatutisha tu. Kuna ripoti nyingi za vichocheo vya nikeli vilivyokaa saa mamia kwa zaidi ya 90% bila kushuka hata kidogo. Hao wamewezaje?

---

Kipimo_Kwanza

Angalia uzito wa kichocheo na mtiririko kabla ya kuangalia asilimia. Gramu 1 na mL 20 kwa dakika ni mL 1,200 kwa gramu kwa saa. Gramu 0.1 na mL 100 ni 60,000. Tofauti mara 50. Kwa 850 °C na CH4 na CO2 sawa kwa sawa, msawazo wenyewe (kikomo ambacho mmenyuko hauwezi kukipita) unakupa zaidi ya 90%. Ukiwa na kichocheo kingi kupita kiasi, gesi inafika kwenye msawazo ndani ya milimita za kwanza na tabaka lililobaki limekaa bure likisubiri. Mbele inakufa, inayofuata inachukua zamu, na mchoro unabaki mstari ulionyooka hadi siku tabaka linapokwisha. Huo mstari haukuelezi chochote kuhusu uhai wa kichocheo.

Ukitaka kuona uhai, punguza kichocheo au ongeza mtiririko mpaka uwe nusu ya msawazo hivi. Hapo kikishuka kitaonekana.

Halafu uwiano wa kaboni, yaani inayotoka ukilinganisha na inayoingia. Watu wanaandika "98 hadi 102%, kwa hiyo hakuna kaboni". Kwenye mfano wangu wa juu kaboni inayoingia ni mL 80 kwa dakika. Ikipotea nusu ya asilimia tu, ni mL 0.4 kwa dakika, sawa na mg 0.21. Kwa saa 24 ni mg 309 za masizi. Juu ya kichocheo cha mg 100! Bomba limeziba na uwiano wako bado unasoma 99.5%. Kaboni inapimwa kwa kuichoma: toa kichocheo, kipime kwenye mizani ya joto ndani ya hewa, ukikumbuka kwamba nikeli inaongezeka uzito ikigeuka NiO wakati kaboni inapungua.

---

Mzee_wa_Tanuri

Hapo kwenye uwiano wa kaboni umenena, mkuu.

Nami niongeze kuhusu bomba. Pitisha gesi kwenye bomba tupu lenye pamba ya kwatzi tu, kwa joto la kazi, kabla ya kuweka kichocheo. Methani ikibadilika zaidi ya asilimia 1 au 2, bomba lenyewe linafanya kazi. Bomba la chuma cha pua lina nikeli na chuma, na linaotesha kaboni lenyewe. Mbaya zaidi, kati ya takriban 450 na 800 °C gesi yenye CO nyingi inalitafuna chuma hilo mpaka linakuwa vumbi. Kwa maabara tumia kwatzi au alumina. Kipenyo cha ndani mm 8 kinatosha kwa chembe tulizotaja. Changanya kichocheo na mchanga wa kwatzi au silikoni kabaidi mara 10 ya uzito wake ili joto lisambae, na weka themokapo (waya wa kupima joto) NDANI ya tabaka. Mmenyuko unafyonza joto kiasi kwamba tanuri likisoma 800 tabaka linaweza kuwa 760.

---

Mtaa_wa_Mvuke

Swali la kiufundi tu: mvuke wa mL 60 kwa dakika mnauingizaje bila pampu ya maelfu ya dola? Hiyo ni maji kama mL 0.044 kwa dakika. Pampu ya kawaida inatema tone, inanyamaza, inatema tena, na presha inacheza ngoma.

---

Fundi_Nikeli

Chupa ya kububujisha yenye maji moto. Gesi ikipita inaondoka na mvuke kulingana na joto la maji. Unataka mvuke 60 kwa gesi kavu 100, yaani 37.5% ya jumla. Dar es Salaam, presha ikiwa 101 kPa, unahitaji mvuke wa 38 kPa: maji yawe 75 °C. Nairobi presha ni kama 83 kPa, kwa hiyo unahitaji 31 kPa: 70 °C inatosha. Ukibeba mpangilio wa Dar na kuuweka Nairobi bila kubadili kitu, kwa 75 °C utapata mvuke kama 87 badala ya 60, na utashangaa H2 yako imepanda kimuujiza. Rotamita (vipima mtiririko wa gesi) nazo zina shida hiyohiyo, zipimwe upya kwa mapovu ya sabuni mahali zilipo.

Bomba kutoka kwenye chupa hadi tanuri lifungwe utepe wa joto, 120 °C na zaidi. Sehemu moja tu ikipoa, maji yanajikusanya, kisha yanaingia kwa mkupuo kwenye kwatzi yenye 850 °C. Weka chupa tupu katikati ya kuzuia maji yasirukie mbele. Upande wa kutokea, poza kwa barafu na ukaushe kabla ya GC.

---

Rubavu_Ziwani

Habari za jioni. Huku kwetu kuna mfano unaofaa mjadala. Ziwa Kivu lina methani kama kilomita za ujazo 60 na CO2 kama 300 zilizoyeyuka kwenye kina. Mtambo wa umeme wa KivuWatt kule Karongi, Rwanda, MW 26, wanaivuta gesi na kuiosha kwa maji ili CO2 iliyo rahisi kuyeyuka iondoke na methani ibaki kwa ajili ya injini. Je, kwa gesi ya usanisi si ingefaa kuosha kidogo tu, tuache CO2 nusu kwa nusu? O/C inakuwa 1 bila mvuke.

---

Mzee_wa_Tanuri

Kwa hesabu, ndiyo: 50/50 inakupa 1.0 kamili, na ukiacha CO2 izidi methani unapanda. Ila O/C ya 1 kwa njia kavu inataka joto karibu 900 au zaidi ndipo kaboni isiwe na nafasi, na H2 kwa CO inabaki chini ya 1. Hiyo inafaa baadhi ya kazi za kemia na haifai methanoli. Gesi ya ziwa ina H2S pia, kwa hiyo ngazi za Chujio ziko palepale. Kampuni za Linde na BASF zilipofungua mtambo wa majaribio wa njia kavu Pullach, karibu na Munich, mwaka 2015, zilikuwa zinawinda hiki hiki: kichocheo kinachovumilia CO2 nyingi na mvuke kidogo.

---

Chujio

Kuna kisa kimoja kizuri cha salfa kutumika kama dawa. Kampuni ya Topsøe ya Denmark walitengeneza njia iitwayo SPARG: wanaacha salfa kidogo kwa makusudi ifunike sehemu ya nikeli. Kaboni inahitaji kundi la atomi nyingi za nikeli zilizo jirani ili ianze kuota. Mmenyuko wa methani unaridhika na kundi dogo. Salfa inavunja makundi makubwa, kaboni inakosa pa kuanzia, na kazi inaendelea kwa kasi ndogo. Sasa asije mtu akasema "basi nisichuje". Wao wanadhibiti kiwango hicho muda wote. H2S ya samadi inapanda na kushuka kila ng'ombe wakibadilishiwa chakula.

---

Mfugaji_wa_Milimani

Nimefuata uzi wote kwa makini. Mtambo wa mita za ujazo 20 za biogesi kwa siku, 60/40. Inalipa kugeuza kuwa methanoli? Naomba jibu la moja kwa moja.

---

Mzee_wa_Tanuri

Hapana, mkuu.

Una methani m³ 12 na CO2 m³ 8. Ukiongeza mvuke wa kutosha kwa methani iliyozidi, kilele cha nadharia ni CO m³ 20 na H2 m³ 28. Methanoli inataka H2 mbili kwa CO moja, kwa hiyo H2 ndiyo inayobana: m³ 14, kama kilo 20 za methanoli kwa siku, na hiyo ni kwa ukamilifu usiofikika. Mmenyuko wenyewe unakula kilowati 1.4 saa zote 24, kabla ya kupasha gesi, kuchemsha maji na joto linalopotea. Kisha ubane gesi hadi bar 50 au 100. Compresa hiyo peke yake itakula faida ya miaka.

Methani hiyo m³ 12 ina kama kWh 120 za joto. Jenereta ya kawaida kwa 25% inakupa kWh 30 za umeme kwa siku. Chukua hizo.

---

Sumu_Polepole

Kichocheo kikianza kushuka, mnajuaje kama ni kaboni, salfa, au chembe zimeungana kwa joto? Bila kukitoa.

---

Fundi_Nikeli

Angalia vitu viwili pamoja: presha ya kuingilia na joto ndani ya tabaka.

Presha inapanda na methani bado inabadilika vizuri: ni kaboni ya nyuzi. Nyuzi zinaota chini ya chembe ya nikeli na kuibeba juu, nikeli inaendelea kufanya kazi kwenye ncha, huku bomba linajaa na vidonge vinapasuka. Ndiyo inayodanganya zaidi, kwa sababu asilimia zinapendeza hadi dakika ya mwisho.

Presha imetulia, kazi inashuka, na sehemu ya baridi kwenye tabaka inahama kutoka mbele kwenda nyuma: ni salfa. Pale ilipopita hakuna mmenyuko wa kufyonza joto, kwa hiyo mbele kunapanda joto. Kata methani, pandisha 850 hadi 900 kwa haidrojeni au mvuke pamoja na haidrojeni. Ikirudi walau kiasi, umepata jibu.

Presha imetulia, kazi inashuka kwa haraka saa za kwanza kisha inatulia, bila baridi kuhama: chembe zimeungana. Hiyo hairudi.

Masizi meusi KABLA ya tabaka, kwenye kwatzi tupu: methani inapasuka yenyewe kwa joto. Punguza nafasi tupu ya moto mbele, au jaza vipande vya kwatzi.

Kuchoma kaboni: naitrojeni yenye oksijeni 2%, anza 450, panda polepole hadi 600, tazama themokapo. Ikiruka zaidi ya nyuzi 30 juu ya tanuri, punguza oksijeni. Ukifungulia hewa yote mara moja unaunganisha chembe zote kwa dakika tano. Baada ya hapo amsha tena kwa haidrojeni 10% ndani ya naitrojeni, 700 °C, saa 1.

---

Binti_Maabara

Na utaratibu wa kuwasha na kuzima? Nimeona umegusia kuamsha tu.

---

Fundi_Nikeli

Kuwasha: naitrojeni, panda hadi 700, haidrojeni saa 1 au 2, panda hadi 800 au 850, ingiza mvuke au CO2, na ndani ya dakika chache methani ifuate. Usiache nikeli muda mrefu kwenye mvuke mtupu, itarudi kuwa oksidi.

Kuzima: methani inafungwa kwanza, kisha CO2 na mvuke, kisha naitrojeni nyingi ukiwa bado juu ya 700. Usipoze ndani ya gesi ya usanisi. Sababu ya kwanza ni kaboni ya 550 hadi 700. Ya pili ni kubwa kuliko hiyo: chini ya takriban 200 °C, CO ikikutana na nikeli iliyoamka inatengeneza nikeli kabonili, Ni(CO)4, kimiminika kinachochemka 43 °C na sumu inayoua kwa kiasi kidogo mno. CO isiguse kichocheo chini ya 300 °C, iwe wakati wa kupoza au wakati wa kujaribu kama bomba linavuja. Kuvuja kunajaribiwa kwa naitrojeni.

Kengele ya CO iwe chumbani na nyingine kifuani, gesi ya kutokea ipelekwe nje au ichomwe. Kichocheo kilichotumika ukikitoa kikiwa kimeamka kinaweza kuwaka moto mkononi. Kipoze ndani ya naitrojeni hadi joto la chumba, kisha pitisha oksijeni 1% kwa saa 1 kabla ya kufungua.

---

Mtaa_wa_Mvuke

La mwisho kwangu. Pete za kichocheo cha kiwandani cha njia ya mvuke, nikivunja na kuchekecha, ni sawa na kutengeneza?

---

Kipimo_Kwanza

Ni kianzio kizuri kuliko vingi, ila jua unachopima. Nyingine nikeli iko ganda la nje tu, kwa hiyo ukivunja unachanganya nje iliyojaa na katikati tupu. Chukua pete kadhaa, saga zote, changanya, ndipo upime uzito, usichukue vipande vya pete moja. Nyingine zina potasiamu ya kuzuia kaboni, ambayo kwa joto kubwa na mvuke inahama na kuganda upande wa baridi wa kutokea. Na nyingi zinauzwa zikiwa bado NiO, kwa hiyo saa ya kuamsha usiiruke.